Laki Sita za Farijala

Mtanisamehe, kisa hiki nitakiharibu, maana nikikumbuka mwisho wake nacheka mpaka nasahau mwanzo.

Daktari alimwambia Bi Sikudhani, muuza vitenge wa Morogoro, afanye mazoezi, la sivyo goti lake litapasuliwa. Akaenda kwenye jimu ya Farijala, jitu lenye kifua kama kabati.

"Laki sita kwa mwaka, mama. Hakuna kupunguza!"

"Makubwa! Mashine ngapi, mwanangu?"

"Kumi na mbili."

"Na wanachama?"

"Mia nne!"

"Mbona tuko wawili tu humu?"

Farijala alicheka mpaka akashika mbavu. "Wanalipa Januari, mama! Ikifika Februari wako nyumbani wanakula chipsi. Hela ninazo mimi."

"Na wote wakija siku moja?"

"Weee! Si watang'oa mlango? Watadai hela zao!"

"Ahaa." Bi Sikudhani akatoa simu, akasogelea orodha iliyobandikwa ukutani. "Na namba zao ndizo hizi? Basi nitawapigia mmoja mmoja, niwakumbushe waje kesho asubuhi. Sikudai hata senti, mwanangu."

Farijala alitoka jasho bila kunyanyua chuma. "Mama! Mama yangu! Weka simu. Wewe njoo bure!"

"Na taulo?"

"Na taulo!"

"Na maji ya kunywa?"

"Ya baridi, mama, ya baridi!"

Msimlaumu Bi Sikudhani, wala Farijala. Anayewalipia wote wawili ni mimi, mwanachama hai, ambaye tangu Januari nimeingia mle mara moja tu, tena nilikuwa nimebanwa na haja ndogo.