Mkono wa Migombani

Ndugu zangu, nina habari ya mama mmoja na kibuyu chake. Msicheke, ngojeni kwanza. Watu wa kwao ni wafugaji, na kwao mkwe hukabidhiwa kibuyu cha maziwa na mama wa mumewe, akafundishwa kukisugua ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinukie. Siku hiyo ndipo anapokuwa mtu wa boma. Asiyekabidhiwa ni mgeni, hata akizaa watoto kumi.

Basi mwanawe wa pekee akaoa binti wa kabila jingine, watu wa migomba. Mama akakifungia kibuyu sandukuni. Mwaka ukapita, na wa pili. Binti akamwendea kwa adabu.

"Mama, nifundishe. Nitajitahidi."

"Mwanangu, haya mambo ni ya damu," mama akamjibu. "Mkono wa migombani haugandishi maziwa."

Lilimchoma neno hilo! Asubuhi moja binti akafunga nguo zake, na mumewe akasema, akienda huyu naenda naye. Mama akaingiwa na hofu, maana hakuwa na mtoto mwingine. Lakini kushindwa? Hakutaka. Akakimbilia kwa mkwewe, bibi kizee aliyemkabidhi yeye kibuyu hicho.

"Mama, njoo uwaambie hawa watoto kwamba kibuyu hakitoki nje ya damu yetu."

Bibi akamtazama. "Wewe nani alikufundisha?"

"Si wewe, mama?"

"Na mimi je?"

"Mama wa mumeo, bila shaka, kwa kuwa wewe ni wa damu yetu."

"Mama yangu mzazi alifia njiani, mwaka wa njaa. Mimi ni mtoto wa migombani. Niliokotwa kisimani nikilia kwa lugha ambayo hapa hakuna aliyeijua. Aliyeniokota alinilea, akaniozesha mwanawe, akanipa kibuyu. Na huyo mumeo unayemwita damu yetu, nani alimzaa?"

Mama akarudi mbio. Akakuta mlango wazi na nyumba tupu. Akafungua sanduku, akatoa kibuyu, na kumbe kilikuwa kimepasuka kwa ukavu, maana kibuyu kisichotiwa maziwa hupasuka.

Sasa niwaulize. Nani kati yetu alizaliwa anajua salamu za kwao? Nani alitoka tumboni anacheza ngoma? Damu Mungu alitupa bila kutuuliza. Mila tulifundishwa, na aliyetufundisha alikuwa na subira nasi. Halafu sisi, tukishajua, tunafunga sanduku na kujiita walinzi wa mila! Inaniuma kusema hivi, lakini tunaiua wenyewe.

Wiki iliyopita, hapa hapa kanisani, kuna dada alitaka kuimba nasi nyimbo za msiba kwa lugha ya kwetu. Akaambiwa, "Wewe si wa huku, utatuharibia." Waliosema wananisikia, wameinamisha vichwa. Nami nilikuwepo, na nilinyamaza. Yule dada leo hayupo. Ibada ikiisha, msiende kula. Twendeni wote kwake tukabishe hodi, na tuombe Mungu tumkute.