Kombi Iliyoacha Kuvuja

Wapendwa, kulikuwa na mgane mmoja mwenye kombi kuukuu ya rangi ya krimu. Mnazikumbuka kombi zile, zenye vioo vya kusukuma? Ndimo alimomleta marehemu mkewe kanisani siku ya ndoa yao, kwaya nzima imejazana nyuma, inaimba. Sasa binti yao alikuwa anaolewa, na mzee ana ombi moja tu kwa Mungu: ampeleke binti kwa gari lile lile.

Lakini kombi ilikuwa inavuja oili ya giaboksi. Fundi akaisafisha chini, akatandika boksi kavu uvunguni, na asubuhi akamwonyesha tone lilipodondokea.

"Mzee wangu, sili, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka. Niachie siku mbili niibadilishe. Na kila wiki uwe unapima oili."

"Mwanangu, gari hili nalijua kabla hujazaliwa," mzee akacheka. "Likivuja, naongeza."

Ikawa ndiyo desturi yake. Kila asubuhi anachungulia boksi, anaguna, anaongeza kidogo kwa kukisia. Wiki ya harusi akachungulia: kavu! Kesho yake, kavu. Alifurahi jamani! Akaacha kuongeza, akashika kitambaa akaisugua kombi mpaka ikang'aa.

Siku yenyewe, katikati ya mlima, giaboksi ikasaga kwa kelele, ikakwama. Binti kajiinamia na shela lake, analia. Fundi akaitwa, akaingia uvunguni.

"Imekauka, mzee."

"Lakini iliacha kuvuja!"

"Iliacha kwa sababu haikuwa na cha kuvuja."

Binti alifika kanisani kwa gari la mpita njia. Kombi ikabaki mlimani, na mzee akalia kama alivyolia msibani.

Tunamcheka? Mama watoto alikuwa analalamika kila jioni, mbona umechelewa, mbona huongei nami. Siku hizi amenyamaza, nawe unatutambia kwamba nyumbani kwako kuna amani. Amani gani, baba? Mama yako kijijini alikuwa akipiga simu kila Jumapili kukulaumu. Hapigi tena, nawe umepumua. Na sisi, hata mimi nimo, dhambi iliyokuwa ikitunyima usingizi, leo tunalala nayo fofofo. Halafu tunashukuru!

Ndugu zangu, anayelalamika bado anakutaka. Ukitoka hapa, usikimbilie chakula. Nenda kwa yule aliyenyamaza, kaa naye chini, umuulize alichoka lini kukuambia.