Kiboko, Bintiye na Guruguru wa Mtungini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao, Kiboko mmoja alifiwa na mkewe. Mto ulikauka, jua likamkuta mama yule mchangani, akafa. Mvua iliporudi na mto kujaa tena, Kiboko alikuwa amebaki na bintiye Nyamizi, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa akili, pamoja na guruguru, mjusi mkubwa ambaye marehemu alikuwa akimfuga.

Kiboko alimpenda sana guruguru yule, maana ndiye ukumbusho pekee aliobakiwa nao. Akamweka mtungini, kwenye maji kidogo na kivuli kizito, akawa anamtilia majani mabichi.

Guruguru hakula. Rangi ikamfifia, miguu ikaanza kupinda.

"Baba," Nyamizi akasema, "huyu anataka jua na panzi. Mama alikuwa akimwanika mwambani kila asubuhi."

"Jua ndilo lililomuua mama yako. Usinitajie jua katika nyumba hii."

"Lakini baba, anakufa."

"Atakufaje, nami nampenda hivi?" Kiboko akajitupa mtoni, chubwi.

Siku ya nne guruguru hakufumbua macho. Nyamizi akalia mpaka akachoka. Kisha akachukua chungu kitupu, akaenda kujificha nyuma ya mwamba. Jua lilipopanda, baba yake akapita akimtafuta. Nyamizi akatia mdomo chunguni, sauti ikatoka nzito.

"Vuuu. Kiboko, binti yako ninaye."

Kiboko akatazama huku na huku. "Ni nani wewe?"

"Babake guruguru. Wewe umemchukua wangu, nami nimemchukua wako. Usihofu, nitamtunza. Atalala juu ya jiwe la moto, atakula panzi."

"Ngozi yake itapasuka, bwana. Sisi ni watu wa maji. Atakufa."

"Atakufaje, nami nitampenda?"

Kiboko akatokwa na machozi. Akarudi nyumbani mbio, gubu gubu gubu, akaja na mtungi kifuani kama aliyebeba kitoto kichanga. Akamlaza guruguru mwambani.

"Mchukue wako, bwana. Nirudishie wangu."

Nyamizi akatokea, mgongo umeanza kupasuka kwa jua. Kiboko akakiona chungu, akaelewa. Hakumkemea. Alimmwagia maji mgongoni, taratibu.

"Ungeniambia, mwanangu."

"Nilikuambia, baba."

Adhuhuri guruguru akafumbua jicho moja. Nyamizi akamsogezea panzi, naye akamdaka, nyaka. Lakini miguu yake ya nyuma haikunyooka tena. Tangu siku ile Kiboko mwenyewe ndiye aliyembeba kila asubuhi hadi mwambani, akamkalia karibu, ngozi ikimuwasha, mpaka mjusi ashibe jua.

Basi, wanangu, yangu yameishia hapo: ukimpenda kiumbe, mpe maisha ya kwao.