Hawanywi Kabla ya Mkubwa

Barazani walikuwepo Bi Mwanakheri binti Athmani, mpangaji, na watoto aliowalea: Saburi, Mkasi, na mdogo wao Tunu. Watoto walilia, hawataki dawa. Mwenye nyumba, Bwana Feruzi bin Juma, akatokea kajifunika shuka, anatetemeka kwa homa.

"Wanywe wanyamaze, au uhame leo!"

"Wana adabu, bwana. Hawanywi kabla ya mkubwa," akasema Bi Mwanakheri.

"Mimi dawa sinywi!"

"Kumbe babu mwoga!" akasema Tunu.

Bwana Feruzi akanyakua kikombe alichopewa, akagugumia yote. Watoto nao wakanywa, wakalamba midomo.

Alipoondoka, mkewe akachungulia.

"Kainywa dawa niliyokuletea?"

"Yote."

"Na hawa wanaumwa nini?"

"Hawaumwi. Vikombe vyao vilikuwa na maji ya ukwaju. Ila wamelia vizuri!"

Bwana Feruzi bin Juma alipona. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee.