Macho ya Mama Hayasubiri

Walikuwa ndugu wa tumbo moja na studio moja, lakini kazini paka na panya. Kaka, aliyeitwa Fundi Taa, hakubonyeza kamera kabla ya kupanga taa, kunyoosha kola ya mteja na kuamuru, "Tulia!" Picha zake ziling'aa hata unywele ukahesabika. Dada yake, Mwewe, alinyakua picha watu wakiwa hawana habari, wakicheka au wakipiga chafya. Taa za studio alizichukia kama ukoma.

Sasa mama yao alikuwa akipoteza macho, na daktari alikwisha kunawa mikono. Mama aliona vitu vyenye mwanga mkali tu, tena akivisogeza puani. Akawaita.

"Wanangu, nipigeni picha. Nataka kujiona mara moja tu, kabla giza halijaniingilia."

Fundi Taa akawahi. Akamketisha mama, akawasha taa, akaamuru. Mama akakauka kama gogo. Alipopewa picha akaguna. "Huyu namwona vizuri, baba, ila simjui."

Mwewe akacheka kichinichini. Zamu yake ilipofika, alimnasa mama jikoni akiangua kicheko. Mama akaigeuza picha huku na huku. "Mimi naona usiku tu, mwanangu."

Basi wakaanza kurushiana lawama.

"Taa zako zimemtisha!"

"Na giza lako je?"

"Gombaneni tu," mama akasema taratibu. "Macho yangu hayawasubiri."

Maneno yale yalimchoma Fundi Taa. Kesho yake alipanga taa zote jikoni, akaziacha ziwake hadi mama akazizoea. Kisha akafanya jambo lililomuuma kama kung'olewa jino: akaifungia kamera yake kabatini, akamnong'oneza dada yake, "Piga wewe. Mimi nitapiga soga."

Akaketi kumenya viazi na mama. Mama akapapasa kimoja. "Hee! Unamenya au unachonga vinyago? Maskini mkeo, ana kazi!"

Wakaangua kicheko wote wawili. Mwewe akabonyeza.

Picha ilipotoka, wakamkabidhi mama, roho mkononi. Mama akaisogeza puani, akapitisha kidole juu ya shavu la pichani.

"Ndiye mimi huyu. Jamani, kumbe nilizeeka vizuri!"

Fundi Taa alilia bila kujificha, na Mwewe naye.

"Nani kaipiga?" mama akauliza.

Kila mmoja akamtaja mwenzake. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.