Barua Isiyo na Salamu

Ndugu zangu, kabla sijafungua Kitabu, acheni niwaambie habari za mzee mmoja aliyekuwa akiandikia watu barua nje ya posta, enzi zile simu ilikuwa ya mkuu wa wilaya peke yake. Mezani alikuwa na wino wa aina mbili, mweusi na mwekundu. Watu walisema akikuandikia barua ya posa, hata kama huna ng'ombe utapewa mke. Sifa hizo zilimvimbisha kichwa.

Binti yake wa pekee aliolewa mbali, safari ya siku mbili. Barua zake zilikuja kama alivyofundishwa: salamu kwa baba, kwa mama, kwa shangazi, kwa majirani wote, halafu "mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu." Mzee alisoma mpaka hapo. Akachukua wino mwekundu, akasahihisha herufi zilizokosewa, akaikunja. Yaliyo chini ya salamu aliyahesabu kuwa ni habari za kuku na mvua. Kilichomwasha mkono ni kujibu. Na majibu yake, jamani! Kurasa tatu, hakuna herufi iliyopinda.

Mkewe hakujua kusoma. Kila barua ilipofika aliuliza, "Mzee, mwanangu anasemaje?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Basi tu?"

"Ulitaka aseme nini tena?"

Mwezi wa nane ikaja barua nyembamba. Mzee akaifungua mbele ya wateja wake, akatupa jicho juu. Salamu hakuna. Hata "Baba mpendwa" hakuna. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Huyu ndiye niliyemsomesha mimi?" akasema. "Barua isiyo na salamu haisomwi."

Akaikunja. Hapo hapo akaandika kurasa nne juu ya adabu ya barua, na kweli, maishani mwake hakuwahi kuandika vizuri kama siku ile.

Wiki mbili baadaye akaja shemeji wa binti, amevua kofia tangu njiani. Binti alikuwa ameshazikwa, yeye na mtoto wake tumboni. Zile kurasa nne alikuja nazo mkononi, hazijafunguliwa.

Matangani mkewe akaleta kopo la barua, akaliweka mapajani mwa mzee mbele za watu. "Nisomee. Toka juu mpaka chini."

Angekataa vipi? Akasoma. Mwezi wa tano, chini ya salamu: Baba, nina mimba. Desturi yetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama, njoo uniombe kwa wakwe. Mwezi wa sita: miguu imevimba, wanasema hawaniruhusu baba asipokuja mwenyewe. Mwezi wa saba: kichwa kinaniuma, macho yanaona ukungu, hapa hakuna zahanati.

Mama wa watu alikuwa akifuata kwa kidole. Akauliza, "Mbona huu wekundu unaishia hapa juu?"

 Mzee akafungua ile ya mwisho, akasoma. "Nimeacha salamu, baba, maana nikiziweka hushuki chini. Njoo upesi. Ningemwandikia mama, lakini mama hajui kusoma."

Mkewe akachukua kopo, akafunika. "Kumbe nyumba hii tusiojua kusoma tulikuwa wawili," akasema.

Ndugu zangu, mnadhani namsema mzee wa posta? Nawasema ninyi, na mimi nimo. Sisi tunajua sana kuandika. Tunamwandikia Mungu maombi yenye mapambo, tukishasema amina tunaona tumemaliza, na jibu lake liko kabatini limeshika vumbi. Mwenzako akikuambia "Sijambo, ila..." wewe umeshageuka, hukuisubiri hiyo "ila." Mkono unaoandika bila jicho linalosoma unaandika kuhusu nani, kama si kujihusu wenyewe? Kila mmoja wetu ana barua aliyoikunja kabla ya kufika chini. Mimi ninayo moja, ya ndugu yangu, na naogopa kuifungua.

Kwa hiyo leo msinishike mkono pale mlangoni mkaniambia nimehubiri vizuri. Yule mzee naye aliandika vizuri. Nendeni nyumbani mkasome.