Kigoda Kimoja cha Ushirikiano

Hapo zamani, si zamani sana, maana vipaza sauti vilikuwepo na vilikuwa vibovu, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima. Pale akifundisha Dokta Mganyizi, mwalimu wa upimaji ardhi. Alifundishaje? Aliligeuzia darasa mgongo, akausomea ubao maandishi yake ya ujanani. Ubao ukaelewa. Wanafunzi wakaanguka mtihani, na aliyeanguka mara ya pili alirudishwa kwao.

Siku moja mwanafunzi Kokushubila akasimama. "Samahani, Dokta. Hatukuelewi."

"Nani hanielewi?"

"Sote."

Darasa zima likainamisha vichwa, kila mtu akitafuta kalamu ambayo haikuanguka. Mashujaa hao!

Dokta akanuna wiki nzima. Kisha, ajabu ya Mungu, akarudi mikono mitupu, bila yale maandishi yake. "Haya, nionyesheni ninapowapoteza." Wakapatana: kila Ijumaa mwanafunzi mmoja asimame ubaoni, aeleze alivyoelewa, ili kosa lionekane. Nani asimame? Kokushubila akamsukuma Lukelo, kijana wa viti vya nyuma aliyekwisha kuanguka mara moja.

Ijumaa ya kwanza Lukelo akachora mtaro wa chuo, maji yakapanda mlima. Wakacheka mpaka machozi. Dokta akauliza, "Nani mwingine kapata hivi?" Nusu ya vicheko ikakatika. Basi Dokta akajua pa kuanzia. Ijumaa iliyofuata, Lukelo tena. Akikosea, wakacheka; wakicheka, Dokta akafundisha upya; akifundisha upya, wakaelewa. Wakati huo wenzake wako vitini wakinakili, yeye yuko ubaoni na chaki.

Mtihani ukaja. Darasa zima likafaulu. Lukelo akaanguka.

Makamu Mkuu wa Chuo akafurahi mno. Hakuwahi kukanyaga darasa lile, lakini kwa kufurahi ni bingwa. Akaita mkutano, akatundika bango la "Umoja ni Nguvu", akaleta kigoda cha kuchongwa: zawadi ya ushirikiano. Kigoda kimoja, cha makalio mawili tu. Atakayekikalia ataomba jambo moja, naye atapewa. Wasomi wazima walikaa vikao juu ya kigoda hicho, wakala sambusa, na hakuna aliyeona kasoro.

Dokta akasema, "Kigoda ni changu. Nilitupa maandishi yangu, wenzangu wakanicheka kwamba nafundishwa na watoto. Mwaka huu nastaafu. Nitaomba nibaki, maana anayekuja kushika somo langu anaupenda ubao kama nilivyoupenda mimi."

Ukumbi ukapiga makofi.

Kokushubila akasema, "Kwa heshima yako, Dokta, kigoda ni changu. Nisingesimama, mpaka leo ungekuwa unausomea ubao. Ungeweza kunikomoa, nikarudi kwetu. Nitaomba wanafunzi wawe na viti katika baraza la chuo, ili mwalimu aambiwe ukweli bila mtu kujitoa mhanga."

Ukumbi ukapiga makofi.

Lukelo akasema, "Mimi nilikosea." Wakacheka, kwa mazoea. "Nilikosea kwa ajili yenu. Mmefaulu kwa makosa yangu. Begi langu liko mlangoni, basi la kwetu linaondoka alasiri. Naomba kurudia mwaka, basi."

"Mganga hajigangi," akanong'ona Makamu, akajiona kasema neno.

Ukumbi ukapiga makofi. Ukumbi ule ungepigia makofi hata kikohozi.

Lukelo akawageukia wale wawili. "Dokta, dada Koku, mmoja wenu akikipata, si ataniombea mimi?"

Dokta akakagua viatu vyake. Kokushubila akainama, akatafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Makamu akaitazama saa, akaona chakula cha mchana kinapoa. "Ushirikiano oyee!"

"Oyee!" wakaitikia wote. Kigoda kitupu katikati, na kule barabarani basi linapiga honi.

Sasa nanyi mnaonisikiliza, msijifanye mnatafuta kalamu. Tazameni huku. Dokta aliyekubali kufundishwa, binti aliyethubutu kusema, na kijana aliyekosea ili wenzake wapatie: je, nani alistahili kukalia kigoda kile?